Tupeane uzoefu: ulimtumia mumeo au mchumba wako shairi, akasemaje?

Wapendwa, mwisho wa mwezi ukikaribia wanaume wa Dar wanarudi nyumbani wamenuna: foleni, kodi, ada. Wapo wanaodai shairi linawalainisha. Waliojaribu watuambie ilikuwaje. Yale ya kunakili msiyabandike, tumeshayasoma yote.

Mke wa Fundi, Temeke
Wangu ana gereji, mtu wa Tanga, na marehemu baba yake alikuwa akighani mashairi harusini. Kumtungia mtu kama huyo ni kujitafutia mtihani. Niliandika ubeti mmoja tu, nikauweka kwenye hotipoti ya chakula chake cha mchana:

Mume wangu fundi wangu, mwenye jasho la halali,
Harufu yako ni yangu, ya grisi na ya petroli,
Kaa hapa kando yangu, tayari maji na wali,
Wewe ndiwe roho yangu, sitazami walo mbali.

Mchana kutwa kimya. Usiku anaingia, hata salamu hakuna: "Mama Zuhura, mshororo wa pili, utao una mizani saba." Nikanuna. Akahesabu kwa vidole silabi za kile kipande cha pili cha mstari, kweli saba badala ya nane, maana mimi nilikuwa nimeandika "ya grisi na petroli". Ile "ya" ya pili kaiweka yeye kwa kalamu yake. Ahsante sijaisikia mpaka leo, ila karatasi ipo ukutani gereji, juu ya spana, na vijana wake wanaighani wakimsubirisha mteja.

Binti wa Sinza
Rafiki yangu tunayepanga naye alitoa la kwake intaneti, refu kama risala, eti "wewe ni jua langu baada ya theluji". Jamaa akajibu: "Theluji ya wapi, ya Manzese?" Mpaka leo akimpigia simu anauliza kwanza kama kuna baridi.

Kaka wa Kimara
Niwasemee wanaume kidogo. Mke wangu alinitumia mistari minne nikiwa nimebanwa ndani ya mwendokasi, mkono mmoja juu, simu mkono wa pili. Alitaja shati la bluu ninalolipenda, na jinsi ninavyokohoa kwanza kabla ya kubisha hodi. Sikujibu. Tungeandika nini sisi? Nilipitia sokoni nikanunua samaki mkubwa kuliko bajeti. Dada zangu, mkikaa kusubiri majibu ya maandishi mtazeeka.

Bi Mkubwa, Mbagala
Sisi wengine kutunga hatujui, tunajua kuchagua. Nilizunguka Kariakoo, Mtaa wa Uhuru, duka hadi duka, mpaka nikaipata khanga yenye jina "Moyo wangu sultani, cha mtu sikitamani". Nikajifunga siku aliyotoka safari. Mzee akavaa miwani, akanizunguka mpaka akamaliza kusoma. Yaliyofuata si ya kuandika hapa, kuna watoto.

Mama Pacha, Tabata
Wangu mashairi hataki. Nimtumie hela ya mafuta ya bodaboda, hapo ndipo anatoa machozi.

Mchumba wa Mvuvi, Kigamboni
Mke wa Fundi, dada yangu, nitungie na mimi. Wa kwangu anauza samaki Feri.

Mke wa Fundi, Temeke
Niambie kwanza anaamka saa ngapi, anagombana na nani pale mnadani, na anakuitaje mkiwa wawili. Na vocha, mdogo wangu. Mkaguzi wa mizani ninaye, yeye halipwi.