Nimelipia Nafplio nikalazwa Tolo! Huu ni wizi wa mchana kweupe

Wakuu, nina hasira na leo nazimwaga zote hapa.

Mama yangu ana miaka 68. Ametoka Tanga kuja kunitembelea hapa Ujerumani, na aliniomba kitu kimoja tu: nimpeleke kwenye ule mji wa Wagiriki wenye ngome katikati ya maji. Picha nilimtumia WhatsApp zamani, kumbe ameitunza. Ngome ile ni Bourtzi, watu wa Venice waliijenga karne ya 15, na mji ni Nafplio, uliokuwa makao makuu ya Ugiriki kabla serikali haijahamia Athens mwaka 1834.

Nikamlipa wakala euro 310, watu wawili, usiku mbili. Tangazo liliandika "hoteli Nafplio, karibu na bahari". Basi likapita Nafplio, tukaichungulia dirishani, likaenda kutushusha Tolo, zaidi ya kilomita 10 mbele! Tolo ni kijiji cha ufukweni, kina mchanga mzuri, sina ugomvi nacho. Ila sikukilipia. Napiga simu, najibiwa kwamba Tolo iko ndani ya manispaa ya Nafplio, kwa hiyo tangazo ni sahihi. Jamani! Ni sawa na kumuuzia mtu chumba Raskazone ukamlaze Pongwe, kisa yote ni Jiji la Tanga.

Kesho yake basi lao likatupeleka mjini kwa saa mbili tu. Upepo ulikuwa mkali, boti za kwenda Bourtzi hazitoki. Nikasema basi twende Palamidi, ngome kubwa ya juu mlimani. Mwongozaji akamwambia mama, tena mbele za watu, abaki chini kwa sababu ngazi ni 999 na kwa umri wake hawezi. Mama akakaa kwenye benchi gatini, kimya, mkoba mapajani. Ningemwachaje? Nikakaa naye mpaka muda ukaisha.

Asubuhi ya kuondoka nikamweleza dereva teksi wa Tolo. Akashangaa. Kumbe kuna barabara ya lami hadi lango la juu la Palamidi! Gari linafika! Mwongozaji anayekula kwa kazi hiyo hajui? Tukapanda kwa hela yangu. Mama akaingia kwa miguu yake, akaoneshwa chumba cha giza wanachosema alifungwa Kolokotronis, jenerali aliyepigania uhuru wao kisha serikali ya nchi hiyohiyo ikamtia ndani mwaka 1834. Akasimama pale mlangoni muda mrefu, akamsomea dua.

Dakika arobaini, tukakimbilia basi la Athens. Kanisa la Mtakatifu Spyridon, alipouawa kiongozi wao Kapodistrias mwaka 1831 na alama ya risasi bado ipo ukutani, hatukulifikia. Boti siku hiyo zilikuwa zinatoka, sisi tunaondoka. Mama akageuka kwenye kiti akaniuliza, "Ile ya kwenye maji ndiyo tumeiacha, mwanangu?"

Sikuwa na jibu.

Wakala amegoma kurudisha hata senti. Tangazo nimelipiga picha, risiti ninayo, nililipa kwa kadi. Aliyewahi kuidai hela yake kupitia benki akiwa Ulaya anielekeze naanzia wapi. Mama anarudi Tanga tarehe 20, nataka nimpeleke tena kabla hajaondoka.