TUPEANE UZOEFU: Ukigusa dimensheni kwenye mfumo wa bajeti, namba zako zilienda wapi?

Mleta mada (Moshi)
Wadau wa bajeti, salaam. Msimu wa bajeti ndio huu, kila idara inaleta maombi: ongeza kituo hiki, hamisha kile, gawa mkoa huu. Wenye Essbase, TM1 na mifumo mingine inayopanga namba za bajeti kwa dimensheni (mihimili kama Eneo, Akaunti au Bidhaa, na kila jina lililo ndani yake huitwa memba) mnajua kinachofuata: muundo unakubali, hakuna ujumbe wa kosa, halafu asubuhi jumla hazifanani na za jana. Tuleteane visa vilivyotokea kweli na namna mlivyovitatua. Naanza mimi.

Nipo kampuni ya kahawa. Dimensheni yetu ya Eneo imepangwa kimkoa, na chini ya kila mkoa kuna wilaya. Mwaka 2016 Songwe ilimegwa kutoka Mbeya, na Mbozi yenye kahawa yake ikaenda Songwe. Ukiangalia, ni kuhamisha mstari mmoja tu. Mshauri aliyepewa kazi alileta faili jipya la maeneo, humo Mbozi ikaandikwa "Mbozi DC", na kanuni ya kupakia ilikuwa imewekwa ifute kila memba ambayo haimo kwenye faili. Kwa mfumo, Mbozi haikuhama. Ilifutwa na data yake yote, kisha ikaundwa memba mpya isiyo na kitu. Mbeya ikapungua, Songwe ikasoma tupu, jumla ya taifa ikashuka.

Kilichotuokoa ni data ya ngazi ya sifuri, yaani ile ya chini kabisa ambayo watu huingiza, iliyokuwa imetolewa kwenye faili la maandishi kabla ya kazi kuanza. Tukabadili jina humo, tukapakia upya, tukakokotoa.

Likaja la pili, na hilo ndilo gumu zaidi. Mbozi ikishakaa chini ya Songwe, inakaa huko kwa miaka yote, hata ile ambayo Songwe haikuwepo. Mkurugenzi akafungua Mbeya ya 2014 akaona haifanani na ripoti iliyosainiwa. Mti wa dimensheni haujui tarehe. Tulijenga mti wa pili tukauita Mikoa ya Zamani, kwa kutumia memba za pamoja: Mbozi inaonekana sehemu mbili lakini data yake inakaa sehemu moja. Angalizo: kilele cha mti huo kipeni alama ya ~ ili kisijumlishwe kwenda juu. Mkiacha +, kila kilo ya kahawa itahesabiwa mara mbili kwenye taifa.

Dada wa Njiro
Asante mkuu, hiyo ya memba za pamoja ni muhimu sana. Yangu ni ya kambi za watalii, hapa Arusha.

Serengeti ilikuwa memba moja, meneja anaingiza bajeti moja kwa moja hapo. Kampuni ikaamua kutenganisha kambi ya Ndutu ya miezi ya nyumbu kuzaa na kambi ya kaskazini ya wakati wa kuvuka Mto Mara. Aliyekuwa msimamizi wa mfumo akaongeza watoto wawili chini ya Serengeti, akafunga kazi. Namba zikabaki vilevile, kila mtu akaridhika.

Muda ukapita, meneja wa Ndutu akaingiza gharama za mafuta ya jenereta tu. Usiku hesabu zikakokotolewa, asubuhi mafuta ya Serengeti nzima yakawa yale ya Ndutu peke yake. Bajeti ya mafuta iliyoingizwa mwanzo haikuwepo tena.

Sababu ni hii. Serengeti ilipopata watoto, iliacha kuwa jani (memba ya chini kabisa, isiyo na watoto) ikawa jumla, na data ya zamani ikabaki imekaa kwenye jumla. Essbase kwa mpangilio wake wa kawaida haiandiki juu ya mzazi kama watoto wote ni tupu, ndiyo maana kwa muda tuliona namba ziko salama. Mtoto mmoja akipata tarakimu, mzazi anaandikwa upya. Na kama AGGMISSG imewashwa, yaani mpangilio unaojumlisha hata watoto walio tupu, data ya mzazi inafutika kwenye ukokotoaji wa kwanza tu.

Siku hizi kabla ya kugawa jani tunaunda kwanza mtoto anaitwa "Serengeti Haijagawanywa", tunanakili data yote kwake, tunahakiki, ndipo watoto wengine wanaingia.

Mdau wa Sakina
Dada umenena. TM1 ni hivyohivyo, jani likipewa mtoto linakuwa jumla na ulichokuwa umeingiza hukioni tena.

Kijana wa Kiboriloni
Mimi naleta la diski. Kiwandani kwetu Akaunti na Vipindi ni dimensheni zilizojaa, yaani mchanganyiko wake ndio unaotengeneza bloku ya data. Tuna akaunti kama 500 na vipindi 17. Zidisha, kisha zidisha kwa baiti 8 za kila seli: baiti 68,000 kwa bloku. Zikaongezwa akaunti 60, bloku ikawa baiti 76,160. Shida si ukubwa huo. Shida ni kwamba ukigusa dimensheni iliyojaa, kila bloku iliyopo inaandikwa upya, na wakati huo mafaili ya zamani na mapya yanakaa pamoja kwenye diski. Seva ikajaa katikati ya kazi, ujenzi ukakatika, watumiaji wanasubiri.

Ukiongeza memba kwenye dimensheni yenye mapengo, yaani ambayo michanganyiko yake mingi haina data, kama Eneo au Bidhaa, kinachopangwa upya ni indeksi (orodha ya mahali bloku zilipo), na hiyo ni kazi nyepesi. Kwa hiyo sisi maombi ya akaunti tunayakusanya, tunayaingiza kwa mkupuo mmoja. Tunatoa ngazi ya sifuri, tunafuta data iliyo kwenye mfumo, tunabadili muundo ukiwa mtupu, tunarudisha, tunakokotoa. Ni haraka kuliko kusubiri mabloku yajengwe upya.

Mdau wa Sakina
Na wenye Planning, ile programu ya bajeti inayokaa juu ya Essbase, msibadili muundo moja kwa moja ndani ya Essbase. Muundo wenyewe umetunzwa kwenye Planning, siku mtu akirifreshi mabadiliko yenu yanaondoka.

Binti wa Majengo
Samahani wakubwa, mimi mgeni kwenye kazi hii. Nikishabadilisha, nahakikije kabla ya kuwafungulia watu?

Mleta mada (Moshi)
Karibu sana, binti. Usianzie kwenye jumla kuu, maana makosa mawili yanaweza kufutana ukaona iko sawa. Toa ngazi ya sifuri kabla na baada, linganisha kwa kila mwaka na kila toleo: halisi, bajeti, makadirio. Memba iliyopo kwenye orodha ya zamani na haimo kwenye mpya, iandike pembeni uulize ilienda wapi. Zikilingana chini, ndipo upande kwenye jumla; tofauti utakayoiona huko mara nyingi inatoka kwenye alama ya kujumlisha au kwenye mti, si kwenye data ya chini. Mwisho ingia kwa akaunti ya mtumiaji wa kawaida, si ya msimamizi. Memba mpya mara nyingi haina ruhusa, meneja hataiona kwenye fomu yake na atakupigia kuwa data imepotea wakati ipo.

Dada wa Njiro
Na fomu na ripoti zinazotaja memba kwa jina, zifungue moja moja. Ndutu na ile ya kaskazini hazikuwemo kwenye ripoti ya kila mwezi mpaka tulipozitaja.