Foki ya Raleigh ya zamani imerudi nyuma, niweke ipi?

DadaWaDonholm

Wadau, naomba ushauri kabla sijatoa pesa. Nina baiskeli nyeusi ya zamani ya Raleigh, breki za fimbo, magurudumu ya inchi 28 x 1½. Habu (kitovu cha gurudumu) ya nyuma ni Sturmey-Archer ya gia tatu, imechapwa AW na 72, kwa hivyo nadhani ni ya mwaka 1972 au karibu na hapo. Niliuziwa na jirani aliyekuwa anahamia Busia (eti huko atapata nyingine kwa urahisi). Ndiyo inanifikisha kazini Lunga Lunga Road, maana shifti yangu inaanza saa kumi na moja alfajiri na matatu ya saa hiyo haiondoki mpaka ijae.

Sasa gurudumu la mbele limeingia kwenye shimo lililofichwa na maji ya mvua kando ya Outering. Mimi mzima, rimu nzima, lakini foki, ule uma unaoshika gurudumu la mbele, imerudi nyuma. Nikikata kona, ncha ya kiatu inagusa madigadi, na haikuwa hivyo. Fundi wa hapa stejini anataka kuipasha moto kwa gesi ainyooshe. Gikomba nimeonyeshwa mbili: moja ya Blakimamba ya Kihindi (zile baiskeli nyeusi nzito), imetumika, na nyingine ya baiskeli ya mlima, ina springi, inapendeza kweli. Muuzaji anaapa kwamba zote "zinaingia". Nichukue ipi?

springi_tu

Ya springi, dada. Barabara zetu si unazijua? Viganja vitapumzika.

MzeeSpoku

Binti, huyo msamehe, hajawahi kufunga breki ya fimbo. Breki zako hazibani rimu ubavuni. Zinavutwa juu, raba zinagusa rimu upande wa ndani, ule unaotazama habu, na kile chuma cha U kinataka vishikio vya kukiongoza kwenye miguu ya foki. Foki ya springi utavifunga wapi? Halafu kipenyo cha rimu ya mlima ni milimita 559, yako 635. Gurudumu lako likisimama humo, huenda hata lisizunguke. Na shina, yaani lile bomba linaloingia kichwani mwa fremu, kwa foki nyingi za springi ni inchi moja na moja ya nane. Lako ni inchi moja. Paka grisi kopo zima, halitaingia.

Ya Kihindi ndiyo ya kuangalia, kwa sababu baiskeli zile ziliigwa kutoka kwa za Kiingereza kama hiyo yako. Ila kuigwa si kufanana. Raleigh wa Nottingham walikuwa na ukaidi wao: thredi, yaani mistari ya kufungia nati, 26 kwa inchi, ilhali viwanda vingine vya Uingereza vilitumia 24. Kwa macho huoni tofauti. Fungua nati yako ya juu ya shina na kikombe chake kinachokalia gololi, vibebe mfukoni, uvijaribu palepale Gikomba KWA VIDOLE. Vikishuka laini, sawa. Vikienda mizunguko miwili vikakaza, thredi si moja. Muuzaji akichukua spana, mnyang'anye, maana spana inaingiza chochote mara moja tu, na nati ya Raleigh si kitu cha kuokota kila kona. Ikikataa, basi ununue foki pamoja na vikombe, gololi na nati zake, ukapime kama vikombe vinakaa kwenye fremu yako.

Angalia pia nafasi za ekseli. Ekseli ya mbele ya Raleigh ni nyembamba, inchi 5/16. Na uilazie foki rula ndefu, utazame kwa ubavu: shina na sehemu ya juu ya miguu vinyooke mstari mmoja, kupinda kuanzie chini. Foki iliyotumika inaweza kuwa imeingia shimo lake pia.

Ya gesi sitaki kuisikia. Miguu imeunganishwa kwa shaba kwenye taji, pale juu inapokutana na shina, na moto huo hauchagui pa kulegeza. Ikiwa imepinda kidogo na rangi haijapasuka kwenye taji, huweza kunyooshwa baridi. Lakini ikifika kiatu kugusa madigadi, mimi huitupa. Tazama na fremu, chini ya mabomba nyuma tu ya kichwa. Rangi ikiwa na mikunjo hapo, foki mpya haitakusaidia.

DadaWaDonholm

Asante sana mzee. Fremu haina mkunjo. Nimerudi Gikomba kwa ile ya Kihindi na nati mfukoni, imeshuka laini mpaka muuzaji akanuna. Ekseli imeingia, vishikio vya breki vipo. Tatizo, shina linazidi langu kwa sentimita mbili. Anasema nikate kwa msumeno tu. Nikate?

mkerezaji_Kariobangi

Usikate bado. Ingiza foki kwenye fremu ikiwa ndefu hivyohivyo, weka gololi, ushushe kikombe cha juu. Kikifika kwenye gololi kabla thredi haijaisha, kilichozidi juu ni cha kukatwa tu. Thredi ikiisha kabla, usiukaribie msumeno. Itabidi thredi iendelezwe kwa dai (kifaa cha kuchonga thredi) ya 26, na wengi watakupa ya 24 wakisema ni ileile.

MzeeSpoku

Kweli kabisa. Na kabla ya kukata, funga nati moja ishuke chini ya alama ya pa kukata. Ukimaliza, piga tupa, kisha uifungue nati hiyo ipite juu ya mkato, itasafisha ncha ya thredi. Ukirudisha usukani, koni ya shingo yake, ile inayokaza ndani ya shina, ikazie chini ya sehemu yenye thredi, maana hapo kwenye thredi shina ni jembamba na ndipo hupasukia.

DadaWaDonholm

Kikombe kimefika kwenye gololi na thredi bado ipo. Naazima msumeno.