Mjadala: Mhitimu wa kidato cha sita achague jina la chuo au kozi?

Mzazi wa Kibaha: Waheshimiwa, naomba mawazo yenu. Mwanangu amemaliza kidato cha sita, mchepuo wa PCB (fizikia, kemia na baiolojia), akapata daraja la pili la pointi 11. Amedahiliwa sehemu mbili: ualimu wa sayansi pale Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na sayansi ya maabara za afya katika chuo binafsi kimoja huko Kanda ya Ziwa. Namba ya siri ya kuthibitisha imeshaingia kwenye simu yake, na dirisha linafungwa wiki hii. Mama yake anataka Mlimani kwa sababu ya jina, mimi natazama kozi. Je, jina la chuo bado lina uzito?

Mhandisi Mstaafu: Lilikuwa na uzito enzi zetu, vyuo vilipokuwa vya kuhesabika na ajira zikitusubiri mlangoni. Mpeleke maabara, akikosa kazi serikalini, zipo hospitali za mashirika ya dini na maabara za watu binafsi. Ualimu, tuseme ukweli, umekuwa kozi ya waliokosa pa kwenda.

Chaki Mkononi: Mzee wangu, shikamoo, lakini kauli hiyo siwezi kuiacha ipite. Mwalimu Nyerere alifundisha Tabora na Pugu, na hayati Magufuli alifundisha kemia na hisabati Sengerema. Nao walikosa pa kwenda?

Mhandisi Mstaafu: Marahaba. Umetaja wawili, na wote wawili waliiacha chaki wakaingia kwenye siasa. Shahidi wako ananitetea mimi.

Binti wa Lindi: Naona tumeanza kugombana kabla mzazi hajajibiwa. Hakuna aliyeuliza ada italipwa na nani. Mkopo wa Bodi ya Mikopo si lazima ufike kwenye ada yote, na chuo binafsi hakina subira na pengo linalobaki. Mwenzangu tuliyekaa naye chumba kimoja alikuwa akilipanga bumu lake, yaani fedha ya kujikimu, kitandani, anatenga fedha za chakula, kisha anazipunguza tena ili ada itimie kabla ya mitihani. Na ukija kuajiriwa, asilimia 15 ya mshahara inarudi Bodi kila mwezi. Mzazi apige hesabu hiyo kwanza, jina na kozi vije baadaye.

Chaki Mkononi: Binti ana hoja na nitarudi kwake. Kwanza nimalizane na Mzee. Katika shule ninayofundisha, fizikia ina mwalimu mmoja kuanzia kidato cha kwanza hadi cha nne, na anayemsaidia ni kijana wa kujitolea anayelipwa kwa michango ya wazazi. Kijana huyo ana shahada, na kila mkeka wa ajira, ile orodha ya walioajiriwa, ukitoka analitafuta jina lake mpaka mstari wa mwisho. Huyo hakukosa pa kwenda, amekosa wa kumwajiri.

Mpenda Kumbukumbu: Tusisahau kwamba zamani TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, ndiyo iliyowapangia vijana vyuo kupitia mfumo mmoja, hadi 2015 kama sijakosea, na mzozo huu wa jina au kozi haukuwa mkali hivi.

Binti wa Lindi: Ni 2017 ndipo waombaji walipoanza kutuma maombi vyuoni moja kwa moja. Na mzozo ulikuwepo. Tofauti ni kwamba wa kulaumiwa alikuwa TCU.

Mzazi wa Kibaha: Nawashukuru wote. Nimezungumza na kijana, naye anapenda maabara, ila hilo la ada limenitia hofu. Je, hawezi kuthibitisha ualimu Mlimani ili apate pa kushika, halafu mwakani atafute njia ya kuhamia kozi za afya?

Mhandisi Mstaafu: Anaweza kujaribu, mradi sifa zake zitoshe kule anakokwenda na nafasi iwepo. Wengi hufanya hivyo.

Chaki Mkononi: Mnaona sasa? Akikosa nafasi ya kuhama, huyo ndiye atakayekabidhiwa watoto wetu, mwili uko darasani na moyo uko maabara. Halafu matokeo yakiwa mabaya tutamlaumu mwalimu.

Mhandisi Mstaafu: Mwalimu, hicho ndicho nilichokisema tangu mwanzo ukanikasirikia.