Naomba ushauri: kompyuta za shule, tuongeze RAM (kumbukumbu ya muda) au tununue SSD (diski ya kasi isiyozunguka)?

Habari za kazi, ndugu zangu. Nafundisha sekondari hapa Morogoro. Tuna kompyuta za mezani 11, za prosesa ya zamani ya Core 2 Duo, zenye RAM ya GB 2 na diski za zamani za kuzunguka. Windows 10 haihudumiwi tena tangu Oktoba 14, 2025, na wenzangu wanataka tuziuze zote kwa watu wa vyuma chakavu. Roho inaniuma, maana nane bado zinawaka.

Nimepuliza vumbi, nimebadilisha betri za saa (kila asubuhi tarehe ilikuwa inarudi 2008), na moja nimeiwekea Linux Mint Xfce, mfumo endeshi mwepesi wa bure. Kuandika barua inakwenda vizuri, ila ukifungua kurasa mbili tu za intaneti, taa ya diski haizimi na mwanafunzi anabaki anasubiri.

Hela iliyopo inatosha kifaa kimoja kwa kila mashine. Tuanze na RAM ifike GB 4, au SSD ndogo?

Pili, zile tatu zilizokufa zina skrini nene, za kioo chenye madini ya risasi. Wanunuzi huzipasua wapate shaba, vioo vinabaki mtaroni. Wapi, Morogoro au Dar, wanazipokea na kuzishughulikia kwa usalama?