MREJESHO: Yule wa deni la alizeti, Dodoma

Wakuu, habari za masiku. Niliuliza hapa nifanyeje: nimeshinda kesi ya shilingi milioni 9 za alizeti, mdaiwa halipi, ananicheka na nakala yangu ya hukumu.

Mlionishauri niombe kukaza hukumu, yaani mahakama imlazimishe mdaiwa kulipa, ikibidi kwa kuuza mali yake, asanteni. Mimi nilidhani ukishinda, mahakama inakuletea hela. Kumbe mali unaitafuta mwenyewe. Nilitaka nyumba yake ya hapa mjini, karani akanitoa ndotoni: nyumba anayoishi mdaiwa na familia yake haikamatwi, ndivyo inavyosema Sheria ya Mwenendo wa Madai. Nikahangaika ofisi ya ardhi mpaka nikakuta ana kiwanja Ihumwa, hapa hapa Dodoma, kitupu, mawe mawili ya msingi na mbuzi wa jirani. Mahakama ikakizuia: haruhusiwi kuuza wala kugawa.

Wiki haijaisha, mpwa wake akaleta pingamizi kwamba alishauziwa. Mkataba umeandikwa wino mbichi, tarehe ya baada ya zuio! Likatupwa.

Dalali wa mahakama akabandika tangazo la mnada, siku 30. Siku ya 26 usiku simu inaita, ni mdaiwa: "Kaka, tuyamalize kifamilia." Nikamwambia familia tutakutana mahakamani, alipe huko. Kalipa yote pamoja na gharama za dalali, zuio limeondolewa.

Aliyeniuliza PM (ujumbe wa faragha) kuhusu wakili: hapana, nilienda mwenyewe. Viatu jozi moja vimeisha.