Mwongoza wapandaji wa Kilimanjaro anayetaka kuzamia Palau: nianzie wapi?

MwanaMarangu (aliyeuliza)

Wakubwa shikamooni, na wenzangu habari za kazi. Mimi ni mwongoza wapandaji wa mlima, naishi Marangu, na kazi hii nimeifanya miaka kumi na mmoja, mitatu ya kwanza nikiwa mpagazi. Miaka minne iliyopita nilimpandisha mama mmoja wa makamo ambaye, tulipokuwa kambi ya Horombo, huko juu mlimani, na mvua imekataa kukatika, alitoa simu yake akanionyesha picha alizopiga chini ya maji huko Palau, visiwa vya Bahari ya Pasifiki vilivyo mashariki ya Ufilipino. Niliona papa zaidi ya kumi wametulia mbele ya ukuta wa matumbawe, wote wameelekea upande mmoja, na tangu usiku ule jambo hili halijanitoka moyoni. Nimeweka akiba kidogo kidogo kwenye chama chetu cha kuweka na kukopa, na Mungu akijalia mwakani itatosha safari ya watu wawili, mimi na mdogo wangu wa kike ambaye ni mwalimu Arusha.

Naomba kueleweshwa mambo matatu. Kuogelea nilijifunza ukubwani, kwenye chemchemi za Chemka upande wa Boma Ng'ombe, ambako maji ni maangavu kiasi kwamba ukidondosha sarafu unaifuata kwa macho mpaka inapotua kati ya mizizi. Naweza kuogelea nusu saa bila kupumzika, lakini mtungi wa hewa sijawahi kuuvaa. Je, ni busara kwenda kujifunzia huko huko Palau, au nianze hapa nyumbani? La pili, mwili wangu umezoea kupanda na kileleni nimefika mara nyingi mno. Sijui kama mazoea hayo yatanisaidia chini ya maji au yatanidanganya. La tatu, ambalo ndilo linalonigusa zaidi, nimesikia kwamba kila mgeni anayeingia Palau hutia sahihi ahadi ya kutunza mazingira. Sisi huku mlimani tunahangaika kila siku na chupa na karatasi zinazoachwa njiani, na ningependa kujua wenzetu wamefanyaje mpaka mgeni akaheshimu.

DadaWaNjiro

Kaka, hongera kwa kuweka akiba miaka yote hiyo. Mimi nashughulika na safari za wageni hapa Arusha, na mwaka 2019 nilikaa Palau siku kumi na mbili pamoja na mume wangu, kwa hiyo nitakueleza niliyoyaona, nikianza na hilo la ahadi kwa sababu mimi pia ndilo lililonigusa.

Ni kweli. Tangu Desemba 2017 ahadi hiyo hupigwa muhuri ndani ya pasipoti yako unapoingia, nawe unaitia sahihi kabla hujaruhusiwa kupita. Maneno yake yameelekezwa kwa watoto wa Palau: unawaahidi wao kwamba utapita katika kisiwa chao kwa upole na hutachukua usichopewa. Nilipoisoma pale dirishani, baada ya safari ya siku mbili na usingizi mzito machoni, nilijikuta nimenyamaza, na mume wangu naye hivyo hivyo. Hata hivyo usidhani muhuri peke yake ndio unaofanya kazi, kwa maana nyuma yake kuna mambo ya zamani na sheria zenye meno. Wapalau wana desturi iitwayo bul, ambapo machifu hulifunga eneo la mwamba watu wasivue mpaka samaki warudi, na sheria za leo zimejengwa juu ya desturi hiyo. Mwaka 2009 walitangaza bahari yao yote kuwa hifadhi ya papa, wakawa nchi ya kwanza duniani kufanya hivyo. Mwaka 2015 walipitisha sheria ya kufunga asilimia 80 ya eneo lao la bahari lisivuliwe kibiashara, ikaanza kutumika Januari 2020. Na mwezi huo huo wakapiga marufuku mafuta ya kujikinga na jua yenye kemikali zinazodhuru matumbawe. Mgeni pia hulipa dola 100 za mazingira, na fedha hizo zimo ndani ya tiketi ya ndege, kwa hiyo hakuna wa kuzikwepa getini. Haya yote yamefanywa na taifa lenye wakazi kama 18,000, ambao hata sehemu ya kumi ya watu wa Moshi mjini hawafiki.

Sasa kuzamia. Mahali mama yule alipopiga picha zake, nadhani, ni Blue Corner, pembe ya mwamba inayojitokeza baharini, ambako mkondo hugonga ukuta ukapanda juu ukiwa umebeba chakula, samaki wadogo wakaufuata, na papa wa kijivu wakawafuata samaki. Huwezi kusimama pale kwa kupiga mapezi uliyovaa miguuni. Utachoka na hewa itakwisha. Wazamiaji hutumia ndoano butu iliyofungwa kwenye kamba fupi, na ncha ya pili ya kamba hufungwa kwenye fulana yako ya kuelea. Unatafuta jiwe lililokufa, kamwe si tumbawe hai, unaipachika ndoano, unaongeza hewa kidogo kwenye fulana, na mwili wako unainuka na kubaki hewani, nimeandika hewani maana ndivyo unavyohisi, kama kishada kilichoshikwa na uzi. Mkondo ulikuwa ukivuta miwani yangu kila nilipogeuza shingo. Papa mmoja alipita karibu nami kiasi kwamba niliona samaki mdogo amejibandika chini ya tumbo lake, na hakuonekana kunijali hata kidogo.

Lakini siku hiyo hiyo nilishuhudia jambo lililoniuma. Mgeni mmoja wa kundi lingine, ambaye bila shaka alikuwa amejifunza juzi tu, alishindwa kujiweka sawa, akawa anapanda na kushuka, mapezi yake yakapiga tumbawe pana lililotandaa kama meza na kipande kikavunjika. Tumbawe la namna hiyo hukua sentimita chache kwa mwaka, kwa hiyo piga hesabu mwenyewe ni miaka mingapi iliyopotea kwa teke moja. Kwa sababu hiyo jibu langu kwa swali lako la kwanza ni kwamba usiende kujifunzia huko. Jifunze hapa nyumbani, zamia mara ishirini au thelathini, ndipo uende.

Usiache kuona Ziwa la Konyeza (wale viumbe wa majini walio laini kama ute), ambalo liko katika kisiwa kimoja cha eneo la Rock Islands, visiwa 445 visivyokaliwa na watu, vya mawe ya chokaa, vilivyoliwa na maji chini mpaka vikawa na umbo la uyoga. Eneo hilo liliingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2012, orodha ile ile ambayo mlima wako uliingizwa mwaka 1987. Ziwani humo konyeza wa rangi ya dhahabu hulifuata jua kutwa nzima kutoka upande mmoja hadi mwingine, wakikwepa kivuli cha miti, kwa sababu ndani ya miili yao wanaishi viumbe vidogo wanaotengeneza chakula kwa mwanga. Ukiogelea kati yao wanakugusa mashavuni, laini, na mwasho wao ni hafifu kiasi kwamba wengi hawausikii kabisa. Mtungi hauruhusiwi mle, kwani kuanzia mita 15 hivi kwenda chini maji hayana oksijeni na yana gesi ya sumu inayoweza kupenya hata kwenye ngozi. Mwaka 2016 ukame mkali uliwamaliza karibu wote. Sisi tulipofika walikuwa wamerudi, ingawa wenyeji walituambia kwamba bado si wengi kama zamani.

Jambo dogo la njiani: ukipata tiketi inayopitia Guam, kumbuka kwamba Guam ni ardhi ya Marekani, na utahitaji viza ya Marekani hata kama unabadilisha ndege tu.

Muuguzi wa Rau

Naomba nijibu swali la pili, kwa kuwa mimi ni muuguzi Moshi na nimewapokea wapandaji wengi walioshushwa mlimani wakiwa hoi. Kaka yangu, mlima na bahari ni habari moja ya mgandamizo wa hewa, ila imegeuzwa. Kileleni mgandamizo ni karibu nusu ya ule wa pwani. Chini ya maji, mita 10 tu zinatosha kuufanya uwe mara mbili, na mita 30 mara nne. Unapopumua hewa ya mtungi katika hali hiyo, naitrojeni nyingi huyeyuka ndani ya damu na misuli, na haina madhara maadamu unapanda taratibu. Ukipanda haraka, hugeuka mapovu mwilini, sawa na soda iliyofunguliwa ghafla, na mapovu hayo huleta maumivu ya viungo, ganzi, hata kupooza.

Kwa hiyo lile neno mnalowaambia wageni kila hatua, pole pole, ndilo utakaloambiwa na mwalimu wako, ila wakati wa kupanda juu ya maji: usizidi mita 9 kwa dakika, simama kwenye mita 5 kwa dakika tatu kabla ya kutoka, na usizuie pumzi kamwe, kwa maana hewa iliyo mapafuni hutanuka kadiri unavyopanda. Uzoefu wako wa kusikiliza mwili na kukubali kurudi kabla ya kilele utakufaa sana. Nguvu za miguu na mapafu makubwa, hapana. Chini ya maji anayefanikiwa ni yule anayetulia.

Hatari yako kubwa iko kwenye kurudi kazini. Nilimhudumia kijana mmoja, mwongozaji mwenzako, aliyezamia pwani mara tatu kwa siku, akapanda gari usiku, na kesho yake mchana alikuwa ameshapita geti la mlima na wageni. Kiwiko na bega vilianza kumuuma akadhani ni uchovu wa kubeba mizigo. Baada ya kuzamia mara kadhaa unashauriwa kusubiri angalau saa 18 kabla ya kupanda ndege, na ndani ya ndege mgandamizo hauwi mdogo kuliko wa mita 2,400 hivi. Mandara iko mita 2,700. Maana yake, kituo chako cha usiku wa kwanza tu kimeshapita kipimo cha ndege. Mimi ningekaa siku mbili nzima bila kuzamia kabla ya kugusa geti, na hata basi la kuja Moshi nisingelipanda siku ile ile niliyotoka majini.

MwanaMarangu

Dada zangu, asanteni sana. Hilo la Mandara limenishtua, kwa sababu mpango wangu ulikuwa kuzamia hadi siku ya mwisho na kurudi moja kwa moja kazini. Nina swali moja la nyongeza: mdogo wangu aliugua pumu utotoni, na hadi leo hubeba dawa ya kuvuta kwenye mkoba. Nimwache nyumbani?

Muuguzi wa Rau

Usimwache, lakini mtungi asiuvae mpaka apimwe mapafu na daktari aseme kwa maandishi kwamba anafaa. Njia za hewa zikibana wakati anapanda, hewa hunaswa mapafuni na inaweza kuyachana. Daktari akimkatalia, bado ana miwani na mrija wa kupumulia juu ya maji, ingawa hata hilo alifanye akiwa mzima wa kifua, na dawa yake iwe ndani ya boti. Kwa maelezo ya dada wa Njiro, ziwa lile la konyeza kila mtu huingia hivyo hivyo.

Mzee wa Chole

Mimi ni mzaliwa wa Mafia, nipo Arusha kwa watoto wangu. Mwanangu, njoo kwetu kwanza. Hifadhi ya Bahari ya Mafia ilianzishwa mwaka 1995 na ndiyo ya kwanza nchini, na Ghuba ya Chole imezibwa na visiwa pande nyingi, hivyo mwanafunzi hasumbuliwi na mawimbi. Njoo Novemba, wakati wa maleleji, upepo wa kusi umekwisha na wa kaskazi haujashika. Nadhani hata mlimani kazi hupungua mwezi huo. Papa potwe nao huwa wameshafika karibu na Kilindoni, na hao ni wapole, wanakula vijidudu vya majini.

Ukishapata cheti, mwombe mwalimu akupeleke Kinasi, mlango ambao maji yote ya ghuba huingilia na kutokea. Pale utajifunza mkondo kabla hujakutana na ule wa Pasifiki. Usiende siku za bamvua, mwezi mpevu au mwandamo, maana maji hukimbia mno. Chagua maji mafu, mwezi ukiwa nusu, na uingie maji yakiwa yamesimama kati ya kujaa na kupwa. Hata huko Palau uulize mwezi kabla ya kupanga siku ya Blue Corner, kwa kuwa bahari ni moja na mwezi ni mmoja.

Na umwambie mwalimu wako mapema unachokitaka: uweze kukaa mita moja juu ya mchanga, dakika tano kamili, bila kugusa chini wala kupanda juu, kwa pumzi zako tu. Siku utakapoliweza hilo mara tatu mfululizo, kata tiketi.